Kikulacho Ki Kichwani Mwako

Jioni moja niliweka kilo nne za vichwa vya kamba kwenye ndoo ya plastiki, nikaifunika na kuisukuma chini ya meza ya maabara. Barafu ilikuwa imekwisha. Nilijiambia kwamba usiku mmoja hauwezi kuharibu kitu ambacho kiwanda kilikuwa kimeshakitenga kama taka. Juu ya meza hiyo hiyo, ndani ya beseni la maji lenye kidhibiti joto, nilikuwa na chupa ya kioo ya nusu lita yenye vichwa vya mzigo uleule, vimesagwa na kuchanganywa na maji, joto nyuzi 50. Baada ya saa tatu niliichemsha chupa hiyo, nikachuja, nikabaki na mchuzi wa rangi ya machungwa iliyopauka, harufu yake kama ya chungu cha kamba kilichoepuliwa sasa hivi. Nikaandika vipimo kwenye daftari, nikaenda kulala.

Asubuhi nilifunua ndoo. Vichwa vilikuwa bado na sura ya vichwa, macho meusi na sharubu ndefu mahali pake, ila nilipookota kimoja kidole gumba kilizama ndani bila kukuta kitu. Nyama haikuwepo. Lilibaki gamba lililojaa rojo la kahawia, na harufu iliyopanda pale iliganda kwenye koti langu kwa siku mbili.

Vimeng'enya vilivyofanya kazi ndani ya chupa ndivyo vilivyofanya kazi ndani ya ndoo. Hakuna mtu aliyeviongeza. Kamba mwenyewe alivitengeneza akiwa hai ili apate kumeng'enya chakula chake, na alipokufa vikamgeukia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako; cha kamba ki kichwani. Tangu asubuhi ile nimekuwa nikiamini kwamba protini iliyomo kwenye taka za kamba haina haja ya kunyang'anywa kwa kemikali kali. Imeshaanza kujitoa yenyewe kabla hata hatujaigusa. Kazi iliyobaki kwetu ni kuiwahi kabla bakteria hawajaiwahi, na kazi hiyo ina ugumu wake.

Chini ya gamba

Chukua kamba mbichi, shika gamba la kichwa kwenye ukingo wake wa nyuma, ulinyanyue taratibu kama unayefunua kawa. Chini yake utakuta kibonge laini, rangi yake kati ya hudhurungi na kijani kibichi kilichofifia, kimefungwa kwa utando mwembamba sana. Wataalamu wanakiita hepatopankreasi, kwa sababu kinafanya kazi ambazo kwa binadamu zimegawanywa kati ya ini na kongosho: kinatengeneza vimeng'enya, kinafyonza chakula kilichokwisha meng'enywa, kinahifadhi mafuta. Kibonyeze kwa ncha ya kidole tu, kinapasuka. Utando ule ndio ukuta pekee uliokuwa ukitenganisha vimeng'enya na nyama.

Ndani ya tezi hiyo mna tripsini na kimotripsini, ambazo hukata mnyororo wa protini katikati, kila moja mahali pake inapopapenda. Mna vimeng'enya vinavyong'ata kutoka kwenye ncha za mnyororo na kuachia asidi amino mojamoja. Mna kathepsini, zinazokata protini pia, ambazo kwa kawaida hukaa ndani ya seli. Mna lipasi za mafuta na amilasi za wanga, na hata vimeng'enya vya kuvunja kitini, nyuzi imara za gamba, maana kamba hula magamba pia. Pepsini, ile inayofanya kazi ndani ya asidi kali ya tumbo letu, hakuna. Tumbo la kamba halina asidi kali, kwa hiyo vimeng'enya vyake karibu vyote vimezoea mazingira ya katikati au ya besi kidogo. Jambo hili dogo limewagharimu watu wengi muda na mali, nitalirudia baadaye.

Mwaka 1973 watafiti wa Marekani walieleza kimeng'enya walichokipata kwenye tezi ya kaa mdogo anayeitwa Uca pugilator, yule ambaye dume lake lina gando moja kubwa na jingine dogo. Kimeng'enya hicho kiliweza kukata kolajeni, ile protini ya nyuzi imara inayofunga misuli pamoja. Baadaye vimeng'enya vya aina hiyo vikapatikana kwa jamaa zake wengi, kamba wakiwemo. Ndiyo sababu kamba aliyechelewa kukatwa kichwa huanza kulegea shingoni kwanza, pale mkia unapopakana na tezi, kisha ulegevu unashuka pingili kwa pingili.

Sikujifunza kusoma dalili hiyo vitabuni. Alinionyesha mzee mmoja aliyesimamia zamu ya usiku kwenye chumba cha kupokelea mzigo. Alikuwa akichukua kamba mmoja kutoka kila kreti, anamkunja kidogo, anatazama ngozi nyembamba iliyoko kati ya kichwa na mkia.

"Mwanangu, hawa wameshaanza kujila," aliniambia siku moja.

"Lakini mzee, wametoka majini saa nne tu zilizopita."

"Saa nne kwenye barafu, au saa nne kwenye kreti?"

Akanipa yule kamba. Kwenye shingo palikuwa na doa la manjano ya kahawia likisambaa chini ya ngozi, kama chai iliyomwagika kwenye karatasi. Utando ulikuwa umepasuka. Kwa mwenye kutaka kuuza mkia, ile ni hasara. Kwangu mimi niliyetaka vichwa, ilikuwa saa iliyokwisha anza kuhesabu.

Kujila, jina na historia yake kwa ufupi

Mwili uliokufa kujimeng'enya si habari mpya. Ernst Salkowski, mwanakemia wa Ujerumani, aliuchunguza mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuacha viungo vya wanyama ndani ya maji yenye dawa ya kuzuia vijidudu, akaona viungo vinayeyuka ingawa hakuna kilichooza. Mwaka 1900 Martin Jacoby akalipa jambo hilo jina la otolisisi. Halafu mwaka 1955 Christian de Duve, Mbelgiji aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1974, akaelezea lisosomu, vifuko vidogo ndani ya seli vinavyobeba vimeng'enya vya kumeng'enyea. Ninachokipenda kwenye kazi ya Salkowski ni ile dawa ya kuzuia vijidudu. Kwa hila hiyo ndogo alitenganisha kujila na kuoza, mambo mawili ambayo kwenye ndoo yangu yalikuwa yamechanganyika hadi pua isiweze kuyagawa.

Sisi hatuwezi kumwaga dawa ya sumu ndani ya kitu tunachotaka kiliwe, iwe na mtu au na mfugo. Silaha yetu ni joto.

Nyuzi 50 na kuendelea

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kasi ya vimeng'enya hupanda joto linapopanda, mpaka mahali ambapo umbo la kimeng'enya lenyewe linafumuka na kazi inakoma. Kwa vichwa vya kamba, kilele hicho kwa jumla kiko kati ya nyuzi 50 na 60. Bakteria wanaoozesha nao huongeza kasi joto linapopanda, ila wao huchoka mapema: wengi wao hawawezi kuzaana ukivuka nyuzi 45 au 50. Kati ya nyuzi 20 na 40 ni uwanja wa wote wawili, na hapo mwenye kuzaana ndiye anayeshinda. Ndoo yangu ililala usiku kucha uwanjani pale. Chupa ilivuka haraka ikaingia mahali ambapo vimeng'enya vinafanya kazi na bakteria wamesimama.

Ndiyo maana siwashauri watu waanze kwa joto la chumba "ili kuokoa umeme". Kinachookolewa kwenye umeme kinapotea kwenye harufu, na harufu ya uvundo ikishaingia kwenye mchuzi haitoki tena hata ukichemsha.

Kuna hila moja nzuri ambayo watafiti wa China waliichapisha mwaka 2009. Badala ya kushikilia joto moja, walianza nyuzi 40 wakapandisha nyuzi 5 kila nusu saa hadi 70. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni usumbufu wa bure. Nilipoijaribu nikaelewa. Vimeng'enya vya kichwa kile ni kundi, na kila kimoja kina joto lake kinalolipenda. Ukishikilia joto moja unamfurahisha mmoja na kuwakosesha wengine. Ukipanda kwa ngazi, kila kimoja kinapata zamu yake, na kinapoanza kufa joto lilelile linakuwa linafumua protini za nyama na kuwarahisishia waliobaki mahali pa kukata. Sharti lake ni moja: vichwa viwe vibichi kwelikweli, kwa sababu ile nusu saa ya kwanza ya nyuzi 40 ni zawadi kwa bakteria kama wamekwisha kuwa wengi.

Maji nayaweka kidogo, uzito sawa na wa vichwa au unaozidi kidogo. Kila lita unayoongeza leo utalazimika kuifukuza kesho kwa moto. Kusaga nako nimejifunza kujizuia. Zamani nilisaga mpaka rojo likawa laini kama uji wa mtoto, nikidhani nawasaidia vimeng'enya. Ilikuwa kweli kwa nusu saa ya mwanzo. Baada ya hapo unga wa magamba uliziba kila chujio nililokuwa nalo, na mchuzi ukakataa kutengana. Siku hizi nasaga kwa tundu pana, vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Tezi ikishapasuka inatosha, na hiyo hupasuka kwa kuguswa.

Asidi wala besi siongezi. Rojo la vichwa vibichi lenyewe hukaa kwenye pH (kipimo cha asidi na besi, ambapo 7 ni katikati) kati ya 7 na 8, na hapo ndipo vimeng'enya vyake vilipozaliwa kufanyia kazi. Hili ndilo jambo nililosema nitalirudia. Kuna njia ya zamani ya kuhifadhi mabaki ya samaki kwa kuyatia asidi hadi yawe majimaji; mizizi yake iko kwa A. I. Virtanen wa Ufini, aliyehifadhi malisho ya ng'ombe kwa asidi na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Kwa samaki inafaa sana, kwa sababu samaki wana pepsini, na pepsini hufurahia asidi. Watu wameichukua njia hiyo na kuipeleka kwa kamba bila kuuliza. Tripsini ya kamba huharibika ndani ya asidi, tofauti na tripsini ya ng'ombe ambayo maabara huihifadhi ndani ya asidi hafifu ili idumu. Tena gamba la kamba limejaa kalsiamu kaboneti: ukimwaga asidi inachemka povu, inaliwa na gamba, na unamwaga nyingine, na nyingine. Unalipia asidi ili uue wafanyakazi uliowapata bure.

Kazi ikifika mwisho naisimamisha kwa moto, nyuzi 90 hadi 95 kwa dakika 10 hadi 15. Hapo vimeng'enya hufa, na bakteria walioponea hufa nao wengi wao. Ukichuja na kuzungusha kwenye sentrifuji unapata tabaka: juu mafuta mekundu, katikati mchuzi wenye peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, na asidi amino, chini tope na magamba. Mara ya kwanza kuona tabaka zile zimekaa wazi ndani ya mrija, nilimwita kila aliyekuwa karibu aje atazame.

Namba iliyonichelewesha miezi

Kipimo cha protini kinachotumika karibu kila mahali ni cha Johan Kjeldahl, alichokitoa mwaka 1883 akiwa kwenye maabara ya Carlsberg, Copenhagen. Unapima naitrojeni yote iliyomo, unazidisha kwa 6.25, unaiita protini. Kwa nafaka na nyama kinatosha kabisa. Kwa magamba ya kamba kinapotosha, nami kilinipoteza kwa miezi.

Kitini, ile nyuzi inayolipa gamba uimara wake, imeundwa kwa sukari ambayo kila kipande chake kimebeba atomu moja ya naitrojeni. Ukipiga hesabu, naitrojeni ni karibu asilimia 6.9 ya uzito wa kitini safi. Zidisha kwa 6.25: unapata 43. Maana yake kitini safi kisicho na chembe ya protini kitasomeka kwenye karatasi kama kitu chenye protini asilimia 43.

Sasa fikiria hali yangu. Nilikuwa naacha vichwa vimalize kujimeng'enya, napima magamba yaliyobaki, naambiwa bado yana protini nyingi. Naongeza saa moja. Napima, protini bado ipo. Naongeza saa mbili nyingine. Mchuzi unazidi kuwa mweusi, ladha inachacha, na magamba yanaendelea kuniambia kwamba hayajaachia. Nilikuwa nikifukuza protini ambayo haikuwepo. Siku nilipochukua sampuli ya magamba yale, nikaisafisha kwa besi ya moto kisha asidi mpaka kikabaki kitini peke yake, nikakipima uzito na kuitoa naitrojeni yake kwenye hesabu, sehemu kubwa ya ile "protini iliyobaki" iliyeyuka. Kazi ilikuwa imekwisha tangu saa ya tatu. Niliketi na daftari, nikarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa nikisahihisha kwa kalamu nyekundu.

Mtego wa pili uko upande wa mchuzi, nao ni mbaya zaidi kwa sababu unapendeza. Bakteria wakila protini wanatoa amonia na amini tete, yaani zinazopaa hewani kwa urahisi, na hivyo vyote ni naitrojeni inayoyeyuka majini. Kama ningeupima ule uchafu wa kwenye ndoo kwa Kjeldahl peke yake, ungeonekana ni ushindi mkubwa: naitrojeni nyingi imetoka kwenye magamba. Kwa hiyo napima vitu viwili sambamba. Naitrojeni ya asidi amino naipima kwa njia ya formalini aliyoileta Sørensen mwaka 1907, yeye huyohuyo aliyetupa kipimo cha pH miaka miwili baadaye, tena kwenye maabara ileile ya Carlsberg. Naitrojeni tete naipima pembeni. Ya kwanza ikipanda na ya pili ikitulia, vimeng'enya wanafanya kazi. Zikipanda zote mbili, namwaga.

Ukichora mstari wa kipimo hicho cha formalini utaona unapanda kwa kasi katika saa ya kwanza na ya pili, kisha unainama na kulala. Mtu anayeuona mstari umelala hana sababu ya kuendelea kuwasha moto. Laiti ningeuamini mstari huo mapema.

Kwa nini nisitumie tu kostiki soda

Swali hili huulizwa kila mara, na ni la haki. Viwanda vya kitini vimetumia njia hiyo kwa miaka mingi: asidi kuondoa chokaa, sodiamu hidroksidi ya moto, ndiyo kostiki soda, kuondoa protini, kitini kinabaki. Inafanya kazi, tena haraka.

Tatizo ni kwamba soda haikusanyi protini, inaiteketeza. Kwenye besi ya moto baadhi ya asidi amino huvunjika, nyingine hugeuka umbo, za mkono wa kushoto zikawa za mkono wa kulia, ambazo mwili hauzitumii vizuri, nyingine huungana zikazaa lisinoalanini, kitu ambacho hakuna anayekitaka kwenye chakula. Kisha mchanganyiko wote unatoka bombani kama maji machafu makali. Watafiti Ning Yan na Xi Chen waliandika mwaka 2015 kwamba dunia inazalisha tani milioni 6 hadi 8 za magamba ya kaa, kamba na kamba-kochi kila mwaka, na kwamba protini ni asilimia 20 hadi 40 ya magamba hayo. Protini ya kiasi hicho kuipeleka kwenye mtaro kwa makusudi, baada ya kulipia kemikali ya kuiharibu, naiona ni jambo lisilovumilika.

Otolisisi haiondoi kila kitu. Protini zilizosukwa ndani kabisa ya nyuzi za kitini hazifikiki, kwa hiyo anayetaka kitini safi bado atahitaji besi kidogo mwishoni. Lakini ni kidogo kweli. Mimi napendekeza mpangilio huo: waache vimeng'enya wachukue chao kwanza, kemikali zije baadaye kumalizia. Na kama una magamba ya mikia, ambayo hayana tezi, yachanganye na vichwa. Vimeng'enya vya kichwa havibagui.

Kuna wanaonunua vimeng'enya vya kiwandani, kama Alcalase inayotokana na bakteria Bacillus licheniformis. Sina ugomvi nao. Vinatabirika, na hilo lina thamani pale ambapo vichwa vinatoka kwa kamba wa misimu na vyakula tofauti, maana nguvu ya tezi hubadilika. Tena kuna mahali ambapo hakuna hiari: kamba wa bahari za baridi, Pandalus borealis, kwa kawaida hupikwa kwa mvuke kabla ya kumenywa na mashine, na mvuke ule umeshaua kila kimeng'enya. Magamba yake hayawezi kujila tena. Ila mwenye vichwa vibichi mkononi, akakimbilia kununua kimeng'enya cha dukani kabla hajajaribu alichonacho, huyo namwomba asubiri kidogo.

Upande mwingine kabisa yuko krili wa Bahari ya Kusini, Euphausia superba, mnyama anayefanana na kamba mdogo. Vimeng'enya vyake vina nguvu kiasi kwamba meli zinazomvua kwa ajili ya chakula cha watu hushauriwa zimchakate ndani ya takriban saa tatu. Akicheleweshwa huyeyuka, na floraidi iliyomo kwenye gamba huanza kuhamia kwenye nyama. Kwa krili swali la namna ya kuanzisha kazi halipo. Lipo la namna ya kuikamata.

Kilichomo kwenye mchuzi, kizuri na kibaya

Mchuzi wa vichwa vibichi ni mtamu. Una glisini na alanini zinazotoa utamu hafifu, una glutamati inayotoa ile ladha nzito ya supu. Uchungu huingia pale peptidi zenye asidi amino zinazokimbia maji zinapobaki zimekatwa nusunusu. Vimeng'enya vinavyong'ata ncha hupunguza uchungu huo, na ni bahati njema kwamba kamba anavyo. Mafuta ya juu yana astazanthini, rangi inayokuwa ya buluu au ya kijivu ikiwa imeshikwa na protini na kuwa nyekundu ikiachiliwa. Unaweza kuishuhudia kwa macho: rojo linaingia la kijivu, baada ya saa moja linaanza kuona haya, baada ya saa mbili ni la machungwa.

Mambo mawili lazima yasemwe wazi kabla mtu hajampa mwingine mchuzi huu. Tropomiosini, protini inayowasumbua wenye mzio wa kamba, haiwi salama kwa kuwa tu imekatwakatwa. Vipande vyake vinaweza kuamsha mzio uleule, kwa hiyo chombo kiandikwe. Na tezi ileile inayotupa vimeng'enya ndiyo inayohifadhi kadimiamu na metali nyingine kutoka kwenye maji alikoishi mnyama. Mchuzi usiopimwa metali sitaupeleka kwa mtu, hata uwe na ladha gani.

Wiki iliyopita nilirudia kilo nne, ndoo ileile ya plastiki. Vichwa vilifika vimefukiwa kwenye barafu, shingo hazina doa. Vilisagwa kabla barafu haijayeyuka yote, vikapandishwa ngazi kwa ngazi hadi 70, vikachemshwa. Mchuzi ulipotoka nilibaki na magamba kwenye chujio. Niliyaosha kwa maji ya bomba mara tatu, mara ya tatu maji yakatoka meupe. Hayakuwa na utelezi, hayakuwa na harufu niliyoweza kuitaja. Niliokota gamba moja la kichwa lililosalimika kwenye kisagio, nikalikausha kwa kitambaa na kuliweka juu ya daftari lililokuwa wazi. Lilikuwa jembamba, rangi ya waridi iliyofifia sana, mishipa yake myembamba ikionekana, na chini yake nikaweza kusoma, bila kulinyanyua, masahihisho yangu ya kalamu nyekundu.